Kambi Iliyomalizwa na Barabara

Kambi ya Lundo haikufungwa na mtu. Hakuna kikao kilichoketi kuivunja, wala padri aliyeikataza. Safari hii nimeuliza kila mzee niliyemsalimia, na jibu lao ni moja: watu waliacha tu kuja. Mimi nina dhana yangu. Kambi ile ilimalizwa na barabara.

Miaka ya themanini, shule zikifungwa Juni, sisi watoto wa shule ya Jumapili tuliotoka Mbinga tulipandishwa juu ya lori, tukakalia magunia, tukaanza kuteremka milima ya Umatengo kuelekea kambini Lundo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwenye miteremko mibaya utingo alishuka akatembea kando ya gurudumu, gogo mkononi, tayari kulitega breki zikigoma. Mbamba Bay tulifika tumekuwa wekundu kwa vumbi. Wenzetu wa kaskazini walikuja na MV Songea, wakashukia Liuli, kwenye lile jiwe ambalo Wajerumani waliliona linafanana na sanamu ya Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Katekista wetu hakuchoka kusimulia jinsi Guendolen, meli ya Waingereza, ilivyoivamia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, Agosti 1914, hiyo ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza! Tulicheka kila mara, ingawa tulishajua mwisho wake.

Lundo ukishafika, umefika. Mtoto aliyemlilia mama yake aliambiwa lori litarudi Mungu akipenda, basi akalia mpaka akachoka, na kesho yake ukamwona mtumbwini, kafi mkononi, anafundishwa na watoto wa pale namna ya kukaa bila kupinduka. Tulilala kwenye mikeka. Vyombo tulisugua kwa mchanga. Upepo wa mwera ukivuma, ziwa linachafuka, wavuvi hawaingii, nasi tunakula ugali wa muhogo kwa kisamvu siku hata siku, tukinung'unika kama Waisraeli jangwani. Ukitulia, usiku karabai za wavuvi wa usipa zinatanda majini mpaka unadhani kuna mji ng'ambo ya giza. Asubuhi usipa wamejaa juu ya majabali wakianikwa, na sisi ndio tuliokabidhiwa kufukuza kunguru. Kazi hiyo tuliifanya vibaya, maana nusu yetu tulikuwa tunachungulia samaki wa mbuna katikati ya mawe: wa buluu, wa njano, wenye milia. Baadaye nilikuja kusikia kwamba Ulaya watu wanawanunua wakawafuge kwenye matangi ya vioo sebuleni.

Sasa kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami, kilomita zipatazo 66. Nilitoka baada ya chai, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nasubiri mbasa wa kukaanga. Nyasa nayo sasa ni wilaya inayojitegemea. Taa za wavuvi ni za betri, nyeupe, hazina ule mvumo wa karabai. Maji yamepanda, pale tulipotandika mikeka mawimbi yanapiga mizizi ya miembe. Watoto wa kanisa bado wanakuja, tena wengi kuliko sisi, lakini wanaletwa Jumamosi na basi, wanaogelea, wanapiga picha, jioni wako kwao. Kwa nini walale chini wakati kitanda chao kiko karibu hivyo?

Nami siwezi kumwambia mtu wa huku kwamba vumbi lile lilikuwa na heri. Kuna wajawazito walioteremshwa milima ile juu ya magunia kama yetu. Ila tulikuwa marafiki kwa sababu hatukuwa na pa kwenda, na hilo sijui utalipangaje kwenye ratiba ya Jumamosi.

Nilimwambia kijana wa bodaboda nataka kulala hapohapo Lundo, ufukweni. Alinitazama kwa huruma. "Mzee, rudi Mbamba Bay. Kuna gesti ina maji ya moto."

Nilirudi. Maji yalikuwa ya moto kweli.