Spika za ukutani kwa ajili ya chumba cha wanawake



Katika harusi nyingi nilizoshonea hapa Mpanda, biharusi ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba ameshaolewa. Wanaume wako msikitini au chini ya turubai uani, sisi tumejibana chumbani kwenye mikeka, na mmoja wetu katega sikio dirishani. Shekhe anasoma hotuba, sisi tunasikia muungurumo tu. Ghafla inapigwa takbiri, mtoto anakuja mbio kutuambia "tayari!", ndipo tunapopiga vigelegele. Mwenye shughuli yake kakaa na hina mkononi, na yale maneno aliyoozeshwa kwayo hakusikia hata moja.

Jambo hili lilinikera miaka, mpaka nikaamua kulitafutia dawa. Dawa yenyewe ni spika mbili za ukutani nilizozibuni mwenyewe na kuzitengeneza kwa msaada wa seremala na kijana fundi redio. Nimeona niwaeleze, maana nyumba za kwetu Unguja zina shida hiyohiyo, na chumba cha wanawake katika misikiti mingi ndivyo kilivyo pia.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtoto wa Unguja. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma ushonaji, nikaolewa na mfanyabiashara wa mpunga akanileta huku Katavi. Wanaoniuliza Mpanda ni wapi huwajibu hivi: panda treni hadi Tabora, shika tawi linalotokea Kaliua, reli ikiishia ndipo nilipo. Waingereza waliileta reli hiyo kwa sababu ya madini ya risasi. Mkoa wetu wenyewe ni mchanga, ulianzishwa 2012, kabla ya hapo tulikuwa Rukwa. Nina duka la nguo za maharusi na mapambo ya kukodisha, na siku hizi nakodisha na spika.

Mtaniuliza, kwani madukani hakuna sabufa? Zipo tele. Lakini sabufa imetengenezwa kwa ajili ya ule mdundo unaotikisa kifua, na mdundo hauna maneno. Mtu tunamwelewa anachosema kwa zile sauti ndogondogo, s, f, t, sh, ambazo nyingi zina mitetemo zaidi ya 2000 kwa sekunde. Simu za waya za zamani zilipitisha kuanzia 300 hadi 3400 tu, na watu walipeana habari za misiba na harusi wakaelewana. Basi fikiria Qur'ani inasomwa, wewe huwezi kutofautisha sini na swadi kwa sababu besi imefunika kila kitu! Spika nzuri huitwa ya hai-fai, na asili ya neno hilo ni uaminifu: sauti itoke kama ilivyoingia, haikuongezwa wala haikupunguzwa. Kwangu mimi hiyo ni amana kama amana nyingine.

Sasa boksi. Koni ya spika inapokwenda mbele inasukuma hewa, na papo hapo nyuma yake inavuta. Ukiiacha wazi bila boksi, sauti nzito ya mbele na ya nyuma zinakutana ubavuni na kuuana. Ndiyo maana spika tupu mkononi hulia kama nyuki chupani. Kazi ya boksi ni kuifungia ile ya nyuma ndani. Mabingwa wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Rice na Kellogg, walieleza spika ya koni kama tunayoijua leo mwaka 1925, lakini kwa miaka mingi baadaye aliyetaka sauti nzito na safi alihitaji sanduku kubwa kama kabati. Mwaka 1954 Mmarekani mwingine, Edgar Villchur, akaanza kuuza spika yenye boksi dogo lililozibwa kabisa. Hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inayoirudisha koni mahali pake, kama mto unavyorudi ukiubonyeza.

Kijana wangu wa redio aliponisomea habari hiyo kwenye simu, kilichonifurahisha zaidi ni hiki: spika ya majaribio ya bwana huyo ilihitaji ukingo laini wa kuishikilia koni, na aliyemchorea patani yake ni mkewe, Rosemary. Kitambaa kilikuwa kile cha kutengenezea magodoro. Nikamwambia kijana, unaona? Ushonaji umo humo tangu zamani.

Tulichagua spika za gari za inchi 6 na nusu, zile zenye twita ndogo katikati. Zinapatikana mjini, hazina kina kirefu, na zinakubali amplifaya ya volti 12, jambo ambalo nitalirudia. Boksi nilitaka jembamba, lisijitokeze ukutani likagonga vichwa vya watu. Kwa ndani lina upana wa sentimita 24, urefu 40 na kina 12, na ukizidisha unapata lita kumi na moja na nusu. Mbao ni mninga wa unene wa sentimita 2, mabaki ya karakana ya vitanda, na mgongo ni plaiwudi nene. Mninga ni mzito, hautetemi ovyo, na ukipigwa msasa rangi yake haihitaji pambo. Huku kwetu mabaki yake hutupwa jikoni!

Seremala wetu ni mzee anayetengeneza pia mizinga ya kisasa ya nyuki, maana Katavi ni nchi ya asali. Nilipompelekea vipimo alivigeuza juu chini akaniuliza, "Mama, mzinga wako huu nyuki wataingilia wapi?" Nikamjibu, "Baba, huu wasiingie hata sisimizi." Alicheka, lakini alinielewa. Kila kiungo alitia gundi na skrubu, kisha kijana akapitisha silikoni pembe zote kwa ndani na kuweka utepe wa mpira chini ya spika. Namna ya kujaribu ni hii: bonyeza koni taratibu kwa vidole, kisha achia. Ikirudi polepole, boksi halivuji. Ikirudi upesi kama hakuna kitu, tafuta tundu.

Ndani tulijaza sufi, ile ya mito, kiasi cha kulegea bila kushindiliwa. Pamba ya nailoni inafaa vilevile. Bila kitu ndani, sauti ya nyuma inagonga mgongo wa boksi na kurudi kupitia koni, na msomaji anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Na sasa kitambaa cha mbele, fani yangu. Watu huweka kitambaa chochote kinachopendeza, kisha wanalaumu spika. Kipimo ni rahisi. Weka kitambaa mdomoni, kiganja upande wa pili, puliza. Pumzi ikifika kiganjani kama haikuzuiwa, sauti nayo itapita. Satini haipiti, mahameli ndiyo kabisa, na lesi ikishatiwa bitana imekwisha kazi. Hivi hula twita, yaani hula zile s na sh tulizokuwa tukizitafuta. Shifoni nyepesi inapita, voili inapita, neti inapita vizuri kuliko zote ila inaonyesha vilivyo ndani, kwa hiyo mimi hupaka mbele ya boksi rangi nyeusi kwanza. Kata kwa uzi ulionyooka, usikate mshazari, maana mshazari utalegea baada ya mwezi na kuanza kupepea. Kivute juu ya fremu ya vijiti, kunja kona kama unavyokunja bahasha, na uache nafasi ya vidole viwili mbele ya koni isije ikakigusa. Fremu zangu zinashikwa na utepe wa kugandisha, ule wa viatu vya watoto, hivyo kila harusi nabadilisha rangi ifuate mapambo. Biharusi akitaka rangi ya maziwa, spika zake zina rangi ya maziwa. Hapo, dada zangu, ndipo biashara ilipo.

Kuzitundika ukutani kuna faida moja ambayo wengi hawaijui. Sauti nzito husambaa pande zote, hata nyuma ya boksi. Ukuta ukiwa karibu unairudisha mbele, ikaungana na mwenzake. Kwa hiyo boksi dogo lililozibwa, ambalo peke yake lina besi ndogo, likikaa ukutani linapata nyongeza ya bure. Ila usilisogeze kwenye kona, huko nyongeza inazidi na maneno yanavimba. Mimi huacha mita moja kutoka kona. Kwa kuwa sisi tunakaa chini, naziweka juu kidogo ya vichwa vya waliokaa na kuziinamisha kuelekea mikekani. Nazo ni mbili, kila moja na upande wake wa chumba, sauti ya kiasi tu. Ukiweka moja ikapiga kelele, aliye mbele anaziba masikio na aliye nyuma bado anauliza "kasemaje?"

Ubao wa kutundikia ni vipande viwili vilivyokatwa mshazari. Kimoja kiko ukutani kimetazama juu, kingine mgongoni mwa boksi kimetazama chini, vinaumana kwa uzito wenyewe. Kwenye kuta zetu za tofali za kuchoma tunatoboa kwenye tofali, si kwenye udongo wa kiungo.

Kabla ya kufunga, hakikisha spika zote mbili zinakwenda upande mmoja. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5 na uguse nyaya kwa nukta moja. Koni ikitoka nje, upande uliogusa chanya utie alama nyekundu. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, aliyekaa katikati atasikia sauti nyembamba isiyo na mwili.

Kuhusu umeme, kwa miaka mingi Mpanda tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea jenereta za dizeli, na anayeishi huku amezoea kupanga shughuli kana kwamba umeme hautakuwapo. Ndiyo sababu ya amplifaya ya volti 12. Betri ya pikipiki iliyojaa inatosha hotuba, akdi na mawaidha, na mwenye paneli ya sola hana wasiwasi kabisa. Waya kutoka kwa wanaume mpaka kwetu ukizidi mita ishirini, tumia ule wa umeme wa milimita 1.5 au 2.5. Nyuzi nyembamba zinakula nguvu njiani.

Wapo waliotia shaka. Mama mmoja mtu mzima aliniambia spika chumbani ni mlango wa muziki. Nilimheshimu, nikamwonyesha swichi: kinachoingia humo ni kipaza sauti cha shekhe peke yake, na cha kwetu hakitoki kwenda kwao. Jirani naye hasumbuki, maana sauti inaishia chumbani. Kwangu ni bora hivyo kuliko pembe za juu ya paa zinazoamsha mtaa mzima kwa harusi ya mtu mmoja. Mama yule siku hizi hukaa chini ya spika ya kulia, na anayezungumza wakati wa hotuba humkata jicho.

Lakini iliyonithibitishia kwamba kazi hii haikuwa mapambo ni harusi moja ya mwaka jana. Biharusi, binti niliyemfundisha kushona, alitaja mahari yake mapema: fedha kiasi alichokitaja, na cherehani ya umeme. Siku ya akdi tumekaa kimya, spika ziko juu yetu, tunasikia kila neno hadi shekhe akikohoa. Walii akataja mahari. Fedha tu. Binti akanitazama. Hakulia wala hakupiga kelele, alimwinamia somo wake akamnong'oneza. Somo akanyanyuka, akagonga mlango wa kati, akamwita kaka wa biharusi. Tukasikia minong'ono upande wa pili, kisha shekhe mwenyewe akauliza kwa sauti, "Biharusi anasema kuna cherehani?" Bwanaharusi akajibu ndiyo, ipo, iko nyumbani. Baba mdogo aliyekuwa walii alisahau, na sina sababu ya kumdhania vinginevyo. Akdi ikasomwa upya na cherehani ikaandikwa. Sasa jiulizeni, kwa dirisha na masikio yetu ya zamani, nani angejua? Angekwenda kudai baadaye, na wangemwita mke wa kwanza kuanza ndoa kwa madai.

Binti huyo ana duka lake sasa, na cherehani ile ndiyo anayoshonea.

Kwa mlioko visiwani mnaotaka kujaribu, mninga si lazima. Plaiwudi nzuri ya unene uleule inafaa. Adui yenu ni chumvi ya bahari, inakula skrubu na miguu ya spika mahali waya unapoungwa. Tumieni skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu, viungo vya waya vilehemuni badala ya kuvisokota, na kila baada ya miezi michache fungueni fremu mkague ukingo wa koni. Kitambaa mnakifua kwa maji ya sabuni, kikauke kabisa kabla ya kukirudisha.