Kiyoyozi Bila Redio: Dodge Dart ya 1974 na Magari Yetu ya "Full Option"

Gari ni Dodge Dart ya 1974, milango minne, rangi ya kijani, paa limevikwa vinaili nyeupe. Lina kiyoyozi kilichofungwa kiwandani, ila redio halina. Haikuibwa wala haikuharibika. Pale inapokaa redio kwenye dashibodi pana kibati cha kuziba tundu, na kibati hicho kilitoka nacho Michigan. Gia ni tatu, za kukanyaga klachi, mkono wake umechomoza kwenye nguzo ya usukani kama zile Peugeot 404 za wazee wetu. Usukani hauna pawa, na vioo unazungusha mwenyewe. Yaani kuna mtu alikwenda dukani, akakataa karibu kila alichoonyeshwa, halafu akalipia baridi.

Lilikuwa likiuzwa mtaani kwetu hapa Pennsylvania na mama mmoja aliyeachiwa na marehemu baba yake. Mpwa wangu wa Dar es Salaam alikuwa katika pilikapilika za kununua gari lake la kwanza, nikamtumia picha. Hakuuliza habari ya rangi wala paa.

"Shikamoo Anko. Hiyo cc ngapi? Na siku ukiichoka utamuuzia nani?"

Nikamwambia ni kama cc 3,700. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Hilo ni lori."

Kwa Wamarekani wa miaka ile hilo lilikuwa gari dogo. Urefu wake unapita mita 5, wakati Toyota IST aliyokuwa akiifikiria mpwa wangu haifiki hata mita 4. Udogo wa Dart ulipimwa kwa jirani zake barabarani, yale majahazi ya V8 yaliyohitaji kona mbili kugeuka. Lakini maswali mawili ya kijana yamebeba elimu nzima ya soko la nyumbani, na nimekaa nayo nikijiuliza kwa nini huku hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo.

Siku hizo gari Marekani ulikaa na muuzaji mkaliandika. Bei iliyotangazwa gazetini ilikuwa ya gari tupu. Ukitaka gia otomatiki, unaongeza. Usukani wa pawa, unaongeza. Redio ya AM, unaongeza; ukitaka yenye FM pia, unaongeza tena. Orodha ilikwenda hadi matairi yenye mstari mweupe na kioo cha pembeni upande wa abiria. Karatasi ikapelekwa kiwandani, na gari likaundwa kwa kufuata karatasi hiyo. Wapo wengi waliochukua lililokwisha kuletwa yadi, lakini mwenye subira na msimamo aliagiza lake.

Utupu ule wa bei ya mwanzo ulikuwa na sababu. Volkswagen Beetle, kisha Toyota na Datsun, zilishaingia sokoni kwa bei nafuu, na makampuni ya Detroit yakataka tangazo lenye namba ndogo. Ford ilipoitoa Maverick tarehe 17 Aprili 1969, tangazo lilisema dola 1,995. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Aprili, AMC ikaitoa Gremlin, na ile ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 1,879. Kwa fedha hiyo ulipata viti vya mbele tu. Kiti cha nyuma hakikuwemo, na kioo cha nyuma hakikufunguka. Mwenye watoto alipanda hadi dola 1,959. Nikiwasimulia watu wa nyumbani hili la kununua kiti cha nyuma wanadhani nawatania.

Upande wa pili kulikuwa na mapambo ya kila kichaa. AMC hiyohiyo, mwaka 1973, iliuza Gremlin ya Levi's, viti vyake vimeshonwa kwa nyuzi za rangi ya chungwa na kupigwa vifungo vya shaba mithili ya suruali ya jinzi. Kitambaa chenyewe kilikuwa nailoni, maana jinzi halisi isingefaulu masharti ya usalama wa moto. Dodge nao wakatoa Dart ya Hang Ten kwa vijana wa kuteleza mawimbini, nyeupe, ndani michirizi ya rangi, na kiti cha nyuma kinacholala ili ubao uingie. Mtu angeweza kuondoka na gari la kitajiri lenye injini ya kimaskini, au kinyume chake.

Ndiyo maana gari la mtumba la miaka hiyo husomwa. Ukifungua boneti ya Dart, kwenye bodi ya ndani upande wa kushoto pana kibati kidogo kilichogongwa herufi na namba, nacho husomwa kuanzia mstari wa chini kupanda juu. Namba ya gari la jirani yangu inaanza na LL41C4B. L ya kwanza ni Dart, L ya pili ni daraja la bei ya chini, 41 ni milango minne, C ni injini ya silinda sita, 4 ni mwaka, B ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan, ambacho kilifungwa mwaka 1980. Kisha unakuta H51, yaani kiyoyozi. Redio ya AM ingekuwa R11, na R11 haipo. Wajuzi wanakwambia uinue pia kiti cha nyuma, kwa sababu mara nyingi karatasi ya kiwandani iliyoongoza kazi ya kuunganisha gari ilibaki imesokomezwa kwenye springi. Tuliinua. Panya walikuwa wametutangulia.

Yule mama alitueleza kilichoandikwa kwenye kibati bila kukisoma. Baba yake alifanya kazi ya zamu kiwandani, kwenye kelele na joto, na njia ya kurudi nyumbani ndiyo ilikuwa saa yake ya kupumzika masikio. Hakutaka mtu amwimbie wala amhubirie. Gia otomatiki hakuiamini hata siku moja. Kiyoyozi aliweka akiba akakilipia.

Basi njoo nyumbani. Tangazo la gari Dar es Salaam nalijua kwa moyo: full AC, muziki mzito, rimu, cc ndogo, halidaiwi, namba E. Tunaita "full option", na hapo ndipo ninapotaka kubishana kidogo na wenzangu. Ni hiari ya nani? Hatukuchagua sisi. Alichagua Mjapani, naye hakuwa na uhuru mkubwa. Makampuni ya Japani yalizoea kufunga vifaa kwa mafungu, kila fungu na jina lake, na IST ya kwanza ilikuja kama 1.3F, 1.5F au 1.5S. Zamani walipouza Marekani desturi hiyo iliwafaa sana, kwa kuwa huwezi kuvusha bahari ya Pasifiki kwa ajili ya matakwa ya mteja mmoja anayetaka baridi bila redio. Wakaweka vitu vingi ndani ya bei moja, na mteja wa Detroit aliyechoka kuongezaongeza akawafuata.

Sisi tumerithi fungu hilo pamoja na mabaki ya maisha ya mwenye nalo. Redio inaongea Kijapani na inaishia masafa ya 90, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar huzipati mpaka fundi akufungie kifaa cha kuongezea. Ramani kwenye skrini inaamini uko Osaka. Mwanamke wa ndani ya gari anakusalimu kila ukiwasha, na hakuna anayejua anasema nini. Gari lina hiari zote isipokuwa ya anayeliendesha.

Sisi nasi tuna kibati chetu cha kusoma, nacho ni namba ya usajili. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, na dalali atalipandisha bei la namba E juu ya la namba C hata kama yametoka kiwandani mwaka mmoja. Nimewahi kuliona hili kama upuuzi. Sasa nadhani lina akili yake: miaka ya barabara za Japani haihesabiwi sawa na miaka ya matuta, vumbi na mafundi wa kubahatisha. Herufi inapima mateso. Mwaka wa kutengenezwa haupimi.

Karatasi ya mnada ya Japani nayo inafanya kazi hiyohiyo. Inakuja na mchoro wa gari kutoka juu, na alama kila palipoumia: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, XX ni bodi iliyobadilishwa. Kule juu pana daraja, 4 au 3.5, au R ya gari lililopata ajali likatengenezwa. Nilipoiweka karatasi hiyo kando ya picha ya kibati cha Dart nilicheka peke yangu. Kibati cha Marekani kinaeleza gari lilitamaniwa vipi. Karatasi ya Japani inaeleza limepatwa na nini.

Na ugeni? Hapa Pennsylvania ugeni wa Dart hii ndio uliokuwa ukiuzwa. Wapenzi wa magari ya Chrysler, kampuni mama ya Dodge, wanakusanyika Carlisle kila Julai, na gari lenye mchanganyiko usio wa kawaida linavuta watu kuliko lililojaa kila kitu. Nyumbani ugeni unakukata bei. Muulize aliyenunua IST au Raum ya 4WD akidhani amepata zaidi. Siku ya kuuza dalali atainama chini, ataona difu ya nyuma, atatikisa kichwa. Muulize mwenye Toyota ya injini ya D4. Huenda gari lake halina kasoro yoyote, lakini jina limeshachafuka kuanzia Kirinyaga Road ya Nairobi hadi Ilala, na hakuna atakayesubiri ushahidi.

Zamani ningesema Waswahili tunapenda kufanana. Sisemi tena hivyo. Mpwa wangu hana katalogi ya kuagizia klachi ya mwaka 1974 ikafika mlangoni wiki ijayo. Ana Gerezani na Shauri Moyo, na spea zilizojaa kule ni za magari ambayo wengi wanayo. Gari lake ndilo akiba yake pia. Ada ya shule ikibana, litauzwa ndani ya siku chache, na litauzwa haraka kwa sababu linafanana na la kila mtu. Yule mzee wa Dart hakuwahi kufikiria kuuza. Alinunua gari la kulala nalo uzee, na alilala nalo.

Injini ilimsaidia. Chrysler walianza kuiweka kwenye Valiant ya 1960, silinda sita zilizolazwa upande kwa nyuzi 30 ili boneti ishuke na mabomba ya kuingizia hewa yapate nafasi ya kuwa marefu. Ni chuma kizito, kabureta moja, na plagi zinafikika. Fundi wa Buguruni angeielewa kabla ya kumaliza chai. Mafuta ndiyo ingemshinda mwenye gari. Na hili gari lilizaliwa katikati ya msukosuko wa mafuta ulioanza Oktoba 1973, ule ambao Wamarekani walipanga foleni kwenye vituo, na ambao kwetu wazee wanaukumbuka kwa Jumapili ambazo magari binafsi yalikatazwa kutembea baada ya saa nane mchana.

Magari ya 1974 yana kituko kingine: sheria ilitaka yasiwake mpaka aliyekaa mbele afunge mkanda. Ukiweka mfuko wa vitunguu kiti cha abiria, mfuko nao uvishwe mkanda. Watu walighadhabika hadi Bunge la Marekani likaifuta sheria kabla mwaka haujaisha. Yule mzee, binti yake anasema, hakusubiri Bunge. Alikata waya.

Linalonitofautisha zaidi na mpwa wangu ni umri. Pennsylvania ikishalitambua gari la miaka 25 au zaidi kuwa la kale, linapewa namba maalumu na kusamehewa ukaguzi wa kila mwaka, kwa sharti la kutolewa mara chache. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ni kinyume chake: gari likizeeka ushuru wa bidhaa unaongezeka, juu ya ule unaopanda injini ikivuka cc 1,000 na tena ikivuka 2,000. Kenya wamefunga mlango kabisa kwa linalozidi miaka minane. Siwalaumu, nchi isiyounda magari yake inakuwa jalala usipokaza. Lakini ndiyo sababu Dart kama hii haiwezi kwenda kokote ila kwa mtu mwingine wa hapahapa. Ilichukuliwa na mzee wa kaunti ya jirani, kwa bei ambayo Dar ingempatia IST na chenji.

Mpwa wangu amechukua IST ya fedha, 1.3, isiyo na 4WD, namba E. Wiki ya pili akaniomba nimtafutie mikeka yake huku, akiwa na shaka kama IST ziliwahi kufika. Zilifika, kuanzia 2003, kwa jina la Scion xA. Ziliuzwa kwa namna moja tu, bila mafungu, na mteja akapewa orodha ndefu ya nyongeza achague mwenyewe: rimu, taa, spika. Nimeipata moja kwenye yadi ya magari mabovu, ina mikeka myeusi yenye ukingo mwekundu, haijachakaa. Ya mbele imekatwa kwa dereva wa kushoto, haimfai. Nitamtumia ya nyuma.