Okapi wa Epulu na Mikono Iliyowalisha



Jamaa wanaopata nafasi ya kuvuka mpaka wanarudi mara nyingi na picha za watoto wakilisha wanyama. Kule Nairobi, kwa mfano, kuna pahali panapoitwa Giraffe Centre, palipofunguliwa kwa wageni mwaka 1983. Unapanda jukwaa, unapewa chakula kidogo mkononi, na twiga anainama kukichukua kwa ulimi wake mrefu. Mtoto anacheka, mama anapiga kelele, baba anajifanya haogopi. Ni jambo jema. Lakini je, mnajua kwamba hapa hapa Ituri palikuwa na kituo ambapo mgeni aliweza kusimama karibu kabisa na ndugu yake twiga na kumwangalia akila? Tena ndugu huyo, okapi, haishi porini katika inchi nyingine yoyote ila Kongo yetu.

Kituo hicho kiko Epulu. Ukitoka Bunia unafuata barabara ya Komanda, kisha Mambasa, halafu unaingia pori kubwa mpaka kwenye mto Epulu. Pale kando ya mto, mwaka 1952, serikali ya Wabelgiji ilianzisha kituo cha kukamata okapi, kusudi wapelekwe katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kuwalinda. Mwaka 1992 serikali ikatenga Hifadhi ya Okapi, ambayo ni karibu sehemu moja ya tano ya pori la Ituri. Mwaka 1996 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia.

Okapi ni mnyama wa ajabu. Mwili ni wa rangi ya kahawia iliyoiva, miguu na matako yana mistari kama ya punda milia, na ulimi ni mrefu hata anaweza kujisafisha masikio kwa huo ulimi. Wazungu wa elimu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1901, lakini Wambuti walimjua tangu zamani za babu zao. Mama anabeba mimba zaidi ya miezi 14, na anazaa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo anafichwa majanini, na kwa wiki nyingi za kwanza hatoi mavi, hivyo chui hapati harufu ya kumfuata. Vijana, cheka tu, lakini mshangae pia: ni nani aliyepanga jambo kama hilo?

Sasa sikilizeni namna walivyolishwa. Okapi hali majani yoyote tu. Anachagua. Kila siku wafanyakazi wa kituo, Wambuti wengi wakiwa kati yao, waliingia porini kukata majani ya miti aina kwa aina, wakayafunga mafungu na kuyatundika juu kwenye zizi, kusudi mnyama ayavute kama anavyofanya porini. Jua kali, mvua, Sikukuu, okapi anangoja majani. Maisha yake yote yalikuwa katika mikono ile. Mtoto wa shule aliyeona hayo hakuhitaji mahubiri marefu juu ya maana ya kutunza.

Kisha ikaja siku ya Mungu, tarehe 24 Juni 2012. Asubuhi na mapema watu wenye silaha wa kundi la Mai-Mai Simba walishambulia Epulu. Waliua watu, na walinzi wa pori walikuwa kati yao. Walipora, wakachoma nyumba. Kulikuwa na okapi 14 katika mazizi. 13 waliuawa siku ile, na wa mwisho alikufa baadaye kwa majeraha. Wengine walikuwa wameishi pale miaka mingi na kuzoea watu. Mnyama aliyezoea kupewa majani hajui kukimbia mkono wenye bunduki.

Juu ya nini? Walinzi walikuwa wamewafukuza wawindaji wa tembo na wachimbaji wa dhahabu waliokuwa ndani ya hifadhi. Hapo ndipo habari hii inapotufikia sisi, watu wa dhahabu. Mungu hakukataza dhahabu, na jasho la mchimbaji ni jasho la haki. Lakini katika Mwanzo sura ya 2, mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi hizo mbili zilitolewa pamoja. Anayechimba bila kutunza ameshika nusu tu ya amri.

Basi, baba wa nyumba, usifungue shimo ndani ya hifadhi, hata kama rafiki anakuambia, "Kule njo kuko dhahabu mingi." Mama, unapopika kwa ajili ya wachimbaji, usinunue nyama ya wanyama waliokatazwa, bila mnunuzi mtego hautategwa. Kijana, usifuge mtoto wa nyani au sokwe kwa mchezo: mama yake aliuawa kusudi yeye akamatwe, na magonjwa ya wanyama hao yanaweza kuhamia kwa watu.

Na mkipata nafasi ya kutembelea pahali pa kulisha wanyama, muwapeleke watoto. Toeni chakula alichowapa mtunzaji tu, si biskuti zenu. Mnyooshe kiganja, msimchokoze mnyama, na mnawe mikono baadaye. Kwa safari ya Epulu, ulizieni kwanza habari za usalama wa barabara. Nyumbani nako kuna darasa: mpe mtoto wako mbuzi mmoja amkatie majani kila siku. Mithali sura ya 12 inamhesabu mwenye haki kuwa mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Mkono uliozoea kulisha hauwi mwepesi wa kuua.

Maswali ya kuzungumza jioni nyumbani:
1. Ni mnyama gani au mti gani wa kwetu ambao watoto wetu hawaujui tena?
2. Mlo wetu wa wiki hii ulitoka wapi?
3. Nani katika nyumba yetu anategemea mkono wetu kila siku, naye hawezi kuomba kwa maneno?