Doa la oili lililotaka kula karo

Ikiwa unaishi katika nyumba ya kupanga hapa mjini na una gari, au jirani yako analo, bila shaka unalijua doa ninalotaka kulizungumzia leo. Ni lile doa jeusi lililo mbele ya mlango, pale gari linapolala. Asubuhi unaliruka ukienda kazini, jioni unaliruka ukirudi, na watoto hulileta hadi sebuleni kwa nyayo zao. Wengi wetu tumelizoea. Nami nisingepoteza wino juu yake kama mwaka jana halingetaka kumkatizia mpwa wangu masomo.

Kijana huyu, mtoto wa dada yangu, anasomea ufundi wa magari katika chuo kimoja hapa Nairobi. Jumamosi hutengeneza magari ya majirani katika kiwanja chetu kidogo cha simiti, na anachopata ndicho kinachomlipia karibu nusu ya karo. Basi siku moja mwenye nyumba alipita kukagua mita ya maji, akayaona madoa. "Bwana," akaniambia, "mimi nilikupangisha nyumba, sikukupangisha gareji." Akatupa hadi mwisho wa mwezi. Madoa yakitoka, kijana aendelee. Yasipotoka, kazi ife, na shilingi 15,000 zikatwe kwenye arubuni yetu ili fundi apige plasta upya.

Sikuona kuwa mzee alikuwa na kosa. Nyumba ni yake. Lakini karo nayo haina mchezo.

Jambo la kwanza la kufahamu, msomaji, ni kwamba simiti ikikauka haiwi kama chuma. Maji yaliyotumiwa kuikoroga hukauka yakaacha vijitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na oili hupenya humo kama chai inavyopenya mkate. Ndiyo maana ukifagia na kumwaga maji hujafanya kitu. Umeosha uso tu, shina limebaki chini. Ndiyo maana pia ile plasta ya mzee isingefaa: simiti mpya haishiki juu ya simiti iliyolewa oili. Ingebambuka vipande vipande kabla ya mwaka kwisha. Rangi nayo ni vivyo hivyo.

Washauri hawakukosekana. Jirani mmoja alituletea petroli ndani ya chupa ya soda. Tulimshukuru tukamrudishia. Petroli huifanya oili kuwa nyepesi, nayo ikiwa nyepesi huzama zaidi na kutanda mbali zaidi. Isitoshe, mvuke wake hutambaa chini kwa chini, na jirani wa pili alikuwa na jiko la makaa nje. Mwingine akasifu asidi ya kuoshea vyoo. Asidi hula saruji yenyewe ikaacha mchanga wazi, lakini oili haiwezi. Na hapa naomba unisikilize vizuri, hasa wewe mwanafunzi unayeishi chumba kimoja: usichanganye asidi hiyo na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, na hiyo hushambulia mapafu.

Tulianza na doa lililokuwa bichi. Hilo ni rahisi. Hulisugui, maana kulisugua ni kulipanua. Unamwaga juu yake kitu kikavu kinachonyonya, kama unga wa mbao kutoka kwa seremala, mchanga mkavu au jivu lililopoa kabisa, unakikanyaga kidogo na kukiacha hadi kesho yake. Kikifagiliwa huondoka na sehemu kubwa ya oili. Takataka hiyo weka mbali na moto.

Doa kuukuu ndilo lililotutoa jasho. Tulichemsha maji, tukatia magadi kikombe kimoja kwa kila lita nne hivi, tukaongeza sabuni ya unga. Magadi ni yale yale ya Ziwa Magadi, ambayo akina mama huyatia kwenye maharagwe yaive upesi. Usidhani magadi ndiyo yanayofanya kazi yote. Mafuta ya nyama huungana na magadi yakawa kama sabuni, lakini oili ya injini hutokana na mafuta ya ardhini, nayo haigeuki. Ni sabuni inayoishika na kuielea majini. Magadi husaidia tu, na maji ya moto huilegeza. Vaa glavu, kwa kuwa magadi na sabuni huchubua mikono. Mimina, acha nusu saa bila kukauka, kisha sugua kwa brashi ngumu ya plastiki. Ile ya waya huacha vijipande vya chuma, na baada ya mvua unapata kutu pale ulipokuwa na oili.

Tulirudia hivyo mara tatu kila Jumamosi, Jumamosi tatu. Pale palipokataa katakata tulipaka uji mzito wa unga wa chaki uliokorogwa kwa sabuni na maji ya moto, unene wa kidole, tukaufunika kwa kipande cha turubai usiku kucha, halafu tukaufunua ukauke. Ukikauka huvuta oili kutoka chini kama utambi wa taa. Tuliukwangua ukiwa wa rangi ya kahawia, na mpwa wangu akacheka kama aliyeokota pesa.

Maji machafu hatukuyaacha yaingie mtaroni. Mitaro yetu huishia Mto Nairobi, na huo huingia Athi, ambayo huteremka hadi Sabaki na bahari ya Malindi. Wapo wanaoyanywesha mifugo yao maji hayo na kumwagilia sukuma wiki. Tulizungushia ukingo wa mchanga, tukayanyonyesha kwa unga wa mbao na kuzoa.

Tarehe 29 mzee akaja. Hakusema neno. Aliomba kikombe cha maji, akamwaga kidogo hapa na kidogo pale, akainama. Sikujua kumbe mzee alikuwa fundi hodari kuliko sisi: simiti safi hunywa maji ikawa nyeusi, ile yenye oili huyakataa yakasimama kama umande juu ya jani la yugwa. Katikati maji yalinywewa. Kandokando, karibu na ukuta, yalisimama.

"Hapa bado," akasema.

"Ni kweli, mzee," nikamjibu. "Lakini umeona tulikotoka."

Alimtazama kijana, akaitazama mikono yake. Kivuli cha doa kilikuwa bado kinaonekana, nami sitakudanganya kwamba kilitoweka. Doa la miaka halitoki lote. Mwishowe akasema kazi iendelee, arubuni isiguswe, ila asione tone jingine chini.

Kwa hiyo siku hizi kila gari linaloingia huwekewa karai pana lenye mchanga chini ya injini, hata likija kubadilishwa taa tu. Oili kuukuu huingia kwenye mtungi wenye kifuniko, na ukijaa kijana huupeleka kwenye gareji kubwa inakokusanywa. Gari lililosumbua zaidi ni la jirani yule wa petroli. Linavuja kwenye sili ya nyuma ya injini, na kuibadilisha ni lazima giaboksi ishushwe. Mwenyewe anasema atalileta mwisho wa mwezi. Kwa sasa linalala upande wake wa ukuta.