Picha Safi

Mdogo wangu alikuwa na miaka 24 alipoanza kuamka kiuno kimekakamaa kama cha mzee. Akikaa, maumivu yalizidi, akitembea, yalipungua. Mwaka 2011 nilimpeleka hospitali akapigwa eksirei. Daktari aliinua picha kwenye mwanga akasema, "Mifupa ni mizima." Tangu siku hiyo nikawa hakimu wake. Kila alipochelewa kwenda shamba nilimwambia, "Picha imekuumbua." Hakunijibu.

Mwaka 2016, huko Dar es Salaam, daktari mwingine alimwuliza maswali mengi kabla ya kutaka picha yoyote. Kisha akaagiza MRI ya maungio ya uti wa mgongo na nyonga. Uboho uling'aa mweupe pande zote mbili. Alitueleza kuwa eksirei huonyesha mfupa uliokwisha kulika au kuungana, jambo linaloweza kuchukua miaka. Mashine ile ya sumaku huweza kuona maji ya uvimbe mapema zaidi. Ila akatuonya: MRI isiyo na kitu haimalizi shauri, wala si kila weupe ni baridi yabisi ya uti wa mgongo. Picha ni shahidi mmoja tu.

Siku hizi anatumia dawa, na kila asubuhi hufanya mazoezi. Nilimwomba radhi. Akacheka: "Kaka, wewe nawe ulikuwa eksirei."

Ndugu msomaji, mtu akikuambia anaumwa, msikilize kwanza. Mimi nilichelewa miaka 5.