Wachungaji wa Mchungwa

Karagwe ni nchi iliyosifiwa tangu zamani kwa ng'ombe wake wenye pembe ndefu. Watoto wa huko, na wa Kyerwa iliyotengwa nayo mwaka 2012 ikawa wilaya peke yake, waijua kazi ya mchungaji. Lakini juu ya mchungwa, kando ya migomba na mibuni, kuna kundi jingine lenye wachungaji wengine.

Mvua zinyeshapo, mchungwa hutoa machipukizi mororo. Ndipo waonekanapo vidukari, wadudu wadogo kuliko punje ya mtama, weusi au wa rangi ya kahawia, wamesongamana upande wa chini wa majani machanga. Kila mmoja huchoma chipukizi kwa mdomo wake, akafyonza utomvu. Majani hujikunja. Tena vidukari hutoa maji matamu, na kila jani liangukiwalo na maji hayo huota ukungu mweusi kama masizi.

Sisimizi huyapenda maji hayo. Hupanda mti, huwapapasa vidukari wapate kunywa, na huwafukuza adui zao. Adui mmoja ni mdudu wa mviringo, mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi. Yeye na watoto wake hula vidukari. Mtu asiyemjua humwua, akadhani amefanya kazi njema, kumbe amemwua mlinzi wake.

Wala jambo hili si dogo. Vidukari weusi hueneza ugonjwa wa michungwa uitwao tristeza, maana yake kwa Kireno ni huzuni. Huko Brazili ulionekana mwaka 1937, ukaua michungwa kwa mamilioni, hasa iliyopandikizwa juu ya mashina ya midanzi. Mwaka 1946 mtaalamu Meneghini alithibitisha kwamba kidukari ndiye mchukuzi wake. Mti ulioshikwa hauna dawa. Kwa hiyo vijiti vya kupandikiza hukatwa katika mti wenye afya tu.

Mwenye busara hutazama chini ya majani kila juma wakati wa mvua. Vidukari wakiwa wachache, huwaponda kwa vidole. Wakizidi, huwaosha jioni kwa maji ya sabuni. Tena hulizungushia shina kitambaa kilichopakwa mafuta mazito, na hukata matawi yagusayo ardhi, sisimizi wasipate daraja. Kundi lililokosa mchungaji halikawii kuliwa.