Jina lilikuwamo, mimi sikuliona

Ndugu wasikilizaji wa Butembo, nanyi familia mliotufikia kutoka Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, leo siandiki habari ya vita. Naandika juu ya kosa langu mwenyewe, maana kesho mtu mwingine anaweza kulirudia.

Kanyabayonga ilianguka mwishoni mwa mwezi wa sita 2024. Watu walipanda njia ya Lubero kwa miguu, wengine wakafika mpaka huku Butembo, wakapokelewa nyumbani kwa ndugu na hata kwa watu wasiowajua. Juma moja baadaye, komite ya mtaa ikaniletea flashi yenye orodha ya familia. Kazi yangu ilikuwa kusoma majina redioni: atakayesikia jina lake afike asubuhi kuchukua jetoni ya unga na maharage.

Nilifungua orodha kwenye kompyuta, nikasoma kama nilivyoiona. Safu ya majina ilikuwa nyembamba. Pale pa kuandikwa jina zima, mimi niliona «Masika Ka», basi. Nikasoma «Masika», nikaongeza kijiji alikotoka, nikapita.

Ninyi mnajua kwetu Wanande jina linafuata mpango wa kuzaliwa. Kambale, Kasereka, Masika, Kavira: ukiita jina moja tu sokoni, watu kumi watageuka. Kinachotutofautisha ni jina la pili na la tatu, na hayo ndiyo mashine iliyakata.

Asubuhi, kwenye mlango wa komite walikuja akina Masika wanne kwa mstari mmoja wa orodha. Wa kwanza kufika alichukua jetoni. Watatu wakaambiwa hawamo. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Hakugombana na mtu. Aliniangalia tu, akasema: «Papa, ni wewe uliniita.» Kisha akaondoka.

Neno lile lilinikosesha usingizi. Kesho yake nilipeleka flashi kwa kijana mmoja anayesoma informatike. Hakukaa hata dakika moja. Aliweka kipanya kwenye mstari unaogawa vichwa vya safu mbili, akabofya mara mbili. Safu ikapanuka yenyewe, majina yakatoka yote, mazima. Hakuna herufi iliyopotea. Yalikuwa yamefunikwa tu na safu ya jirani, ile ya vijiji.

Akanieleza jambo ambalo sijalisahau. Katika Excel, nambari ikikosa nafasi, mashine inajaza alama za ####, nawe unajua kuna shida. Lakini maneno yakikosa nafasi, na kando yake pana kitu kimeandikwa, yanakatwa kimya kimya. Nambari hulia, maneno hunyamaza. Programu nyingine huweka nukta tatu mwishoni. Ukisimamisha kipanya juu yake, mara nyingi jina zima linajitokeza. Ukibofya jina lenyewe katika Excel, maandishi yote yanaonekana juu, kwenye kisanduku kirefu. Na kama maelezo ni marefu mno, kuna kitufe ambacho mashine zetu za Kifaransa zinakiita «Renvoyer à la ligne automatiquement»: maneno yanakunjwa, na kwa kawaida mstari unaongezeka kimo ili yote yaonekane.

Tulipopanua safu ya mwisho, tulikuta maelezo niliyokuwa nimeyaona kama «mtoto mgo». Kumbe ni mtoto mgonjwa, anayetumia dawa kila siku. Na mstari ule ulikuwa wa mama yule aliyeniangalia.

Nchi yetu ina majina marefu, si jambo geni. Mwaka 1972 Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, mwenyewe alijiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Hesabu: herufi na nafasi zake ni 41. Katika safu ya herufi 20 angebaki «Mobutu Sese Seko Kuk». Yeye angetambuliwa hata hivyo. Mama mkimbizi hatambuliwi.

Nilirudi redioni, nikaomba radhi, nikasoma upya majina yote mazima, pamoja na kijiji na umri wa mkubwa wa familia. Mama alisikia kwa redio ya jirani, akarudi. Unga ulikuwa umekwisha. Alingoja orodha ya pili siku tisa. Siku hizo tisa ni deni langu.

Basi, ninyi mnaoandika orodha kwenye mitaa na makanisa: panueni safu kabla ya kusoma au kuchapa. Nanyi mnaotafuta jina lenu, mkiambiwa «haumo», ombeni kwa heshima mwenye mashine afungue mstari wote mbele yenu. Huenda mmo.

Ni hayo kutoka Butembo.